Usipande Meli Mikono Mitupu: Historia ya Msosi wa Safari, Kasulu Mpaka Mpulungu

Siku hizi ukifungua simu tu unakutana na video za watu walioko kwenye meli za kitalii huko Karibi. Asubuhi bufee, mchana bufee, usiku wa manane pitsa, na kuna mhudumu anayekunja taulo mpaka lifanane na tembo. Halafu watu wanapeana ujanja: beba vitafunwa vyako, usinunue maji mle ndani, soda na bia ndiko wanakokumalizia hela, ukishuka bandarini kula kwa wenyeji.

Mtu wa Kasulu au Kibondo akisikia hayo anatabasamu tu. Ujanja huo kwetu ni wa zamani kuliko meli yenyewe. Watu wa Buha wameteremka kutoka milimani kwenda ziwani kwa miguu, kwa lori na sasa kwa basi kwenye lami ya Kidahwe, na kila aliyeteremka alijiuliza kwanza: njiani nitakula nini, na nani atanilisha?

Swali linaonekana dogo, la tumboni. Lakini ukilifuata kwa miaka mia moja na hamsini unaona mambo makubwa: nani alikuwa huru, nani alikuwa mtumishi, nani alikuwa tajiri, na nani alikimbia bila kitu. Basi leo tulifuate. Mwishoni nitakuwekea na mbinu za kufungasha, maana historia isiyokusaidia kufunga kikapu haina faida kwa msafiri.

Kabla ya meli: chumvi, shanga na mtumbwi

Tuanze Uvinza. Pale zilipo chemchemi za maji ya chumvi, watu wamekuwa wakichemsha chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Wakati wa kiangazi watu walitoka pande nyingi, Buha ikiwemo, wakaja na vyungu na nguvu zao, wakachemsha, wakamlipa mtawala wa pale sehemu yake, kisha wakaondoka na mzigo. Chumvi ilikuwa kitoweo na pia ilikuwa hela. Ukiwa na chumvi begani hulali njaa: kijiji chochote unachopita utapata mtu wa kukupa unga, maharage au kuku.

Kutoka huko njia iliteremka mpaka Ujiji. Wazungu wawili wa kwanza kuliandikia ziwa letu walifika pale Februari 1858, wakalikuta soko liko hai, halikuwasubiri wao. Palikuwa na samaki, mawese, mbuzi, nafaka, ndizi na chumvi. Katika miaka ya 1870 hela ya soko hilo ilikuwa shanga zinazoitwa sofi, vipande vyeusi na vyeupe mfano wa mtemba uliovunjika. Msafiri alibadilisha kitambaa chake kwa sofi, akanunua chakula, akapanda mtumbwi.

Safari ya mtumbwi nayo ilikuwa na ratiba ya chakula. Hakuna aliyekuwa akikata katikati ya ziwa bila sababu. Mitumbwi ilifuata ukingo, na jioni ikavutwa mchangani, watu wakawasha moto, wakasonga ugali, wakalala. Wapiga makasia waliamua wenyewe wapi pa kupumzika, na mwenye safari akinung'unika, basi anung'unike. Abiria hakuwa na mgahawa, lakini kila jioni alikuwa na nchi kavu, kuni na watu wa kununua kwao. Kumbuka hilo, maana tutalirudia tukifika kwenye meli.

Chupa ya shampeni iliyotembea kwa miguu

Mwaka 1871 alikuja mwandishi wa habari kutoka kwa gazeti moja la Marekani. Jina lake mnalijua, mlifundishwa darasa la nne. Alipita katikati ya Buha, na watawala wetu wakamtoza hongo kama walivyomtoza kila mwenye msafara. Vitambaa vikaenda kimoja baada ya kingine. Mwishowe akaona akiendelea hivyo atafika ziwani amebaki na fimbo. Akafanya nini? Akanunua nafaka ya kutosha siku kadhaa, akatafuta mtu wa kumwongoza, akatoroka usiku kupitia porini ili asipite tena kwa watoza hongo.

Ona hapo. Kilichomwezesha kutoroka ni ile nafaka. Mtu asiye na chakula mgongoni lazima apite kijijini, na akipita kijijini lazima alipe. Mwenye masurufu yake anachagua njia.

Alipofika Ujiji alimkuta mzee wa Kiskoti, daktari na mmisionari, amedhoofu na hana kitu. Mali zake zilizotumwa kutoka pwani zilikuwa zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Yaani mzee yule, aliyetembea Afrika nzima, alikuwa amekwama kwa sababu masurufu yake yameliwa na mwingine.

Sasa watu wakisimulia habari hii husimulia salamu tu, ile sentensi maarufu. Mimi nawaambia sehemu tamu iko baada ya salamu: chakula. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili wa Ujiji walileta vyakula kutoka majumbani mwao. Mmoja alileta mikate ya moto ya nyama iliyosagwa, mwingine kuku wa mchuzi, mwingine nyama ya mbuzi na wali. Mzee ambaye hamu ya kula ilikuwa imemtoka akala kama kijana. Na mgeni naye akatoa alichokificha safari nzima tangu pwani: chupa ya shampeni, na vikombe vya fedha vya kunywea. Kilomita zaidi ya elfu, mtu amebeba chupa ya shampeni! Leo tungeiita ziada ya safari.

Angalia nani aliwalisha siku ile. Shampeni ilikuwa ya sherehe tu, tumbo lilijazwa na majirani. Novemba hiyohiyo wawili hao wakapanda mtumbwi kwenda kuangalia kaskazini ya ziwa, na kila jioni, kama kawaida, wakalala ukingoni.

Meli iliyokuja kwenye masanduku

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wakati huo huko Papenburg, Ujerumani, meli ilikuwa imeshaundwa mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, kisha ikaja Kigoma kwa treni. Mafundi wakaiunga upya, ikashushwa majini Februari 1915. Waliiita Graf von Goetzen. Haikuja kwa ajili ya abiria wa Kasulu wenye vikapu. Vita vilishaanza, na kazi yake ilikuwa kubeba askari na mizigo ya jeshi.

Mwaka mmoja na ushee baadaye Wabelgiji wakawa wanakuja. Wajerumani hawakutaka meli ianguke mikononi mwa adui. Julai 1916 wakapaka injini grisi nene, wakaizamisha wenyewe wakitegemea siku moja wataitoa. Wenzangu, mama wa Kigoma akihifadhi samaki humkausha au humpaka chumvi. Hawa walihifadhi meli nzima kwa mafuta! Na ikakubali. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakaikarabati, na Mei 1927 ikaanza safari kwa jina jipya, Liemba, jina la zamani la ziwa hili kwa watu wa upande wa kusini.

Huku milimani mambo hayakusimama. Kuanzia 1916 Kasulu ilikuwa chini ya Wabelgiji, na mwaka 1921 ikakabidhiwa kwa Waingereza ikawa sehemu ya Tanganyika. Ndani ya miaka mitano watu wale wale wameona askari wa mataifa matatu, na kila jeshi lilitaka wapagazi, unga na ng'ombe. Chakula cha safari ya wengine kilitoka kwenye maghala yetu. Hakuna aliyeuliza kama familia imebakiwa na mbegu.

Posho ya manamba

Sasa tuje kwenye safari iliyowachukua watu wengi zaidi kutoka Kasulu na Kibondo. Haikuwa ya matembezi. Ilikuwa ya mkonge.

Serikali ya Waingereza ilitaka kodi kwa fedha taslimu, na Buha haikupewa zao la biashara la kutosha kuipata fedha hiyo. Iligeuzwa kuwa nchi ya kutoa vibarua. Vijana wakateremka kwenda Tanga na Morogoro kwenye mashamba. Mwanzoni wengi walikwenda kwa miguu yao, wiki kwa wiki, wakila walichobeba na walichofanyia kazi njiani. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kikaunda idara yake ya kuandikisha watu, SILABU, na Buha ikawa moja ya sehemu zake kuu za kuvuna watu. Ukiandikishwa unapewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Unapanda lori, kisha treni, zaidi ya kilomita 1,200 kuelekea pwani, na njiani unalishwa.

Hapo ndipo neno posho linapoingia kwenye midomo ya watu wetu kwa uzito wake wote. Posho ni chakula cha kupimiwa. Hukiombi, hukichagui, hukipiki upendavyo. Unga wako huu, maharage yako haya, chumvi yako hii, foleni.

Usinielewe vibaya, kulishwa njiani kulikuwa bora kuliko kufia barabarani. Aliyetembea kwa miguu aliteseka. Lakini fikiria tofauti. Aliyekwenda Uvinza na kurudi na chumvi alikula cha kwake, na akichoka aligeuka nyumbani. Aliyelishwa na SILABU alikuwa ameshaweka dole gumba kwenye mkataba, na sahani ile ilikuwa sehemu ya kamba. Wazee waliopitia safari hizo hawakuwa watu wa kulalamika, lakini ukikaa nao jioni utasikia kitu: wanakumbuka zaidi alichowafungia mama yao kuliko walichopewa kambini. Mihogo mikavu, karanga, maharage yaliyochemshwa yakakaushwa. Vilikwisha siku ya pili, wengine siku ya kwanza. Lakini zilikuwa siku mbili za kula cha kwako.

Madaraja matatu, sahani tatu

Turudi ziwani. Kwa miaka mingi ratiba ya Liemba ilijulikana mpaka na watoto: inaondoka Kigoma Jumatano alasiri, inafika Mpulungu, Zambia, Ijumaa asubuhi, kisha inageuza. Kila wiki mbili. Abiria kama 600 na shehena juu yake.

Ndani kulikuwa na madaraja matatu, na kila daraja lilikuwa na namna yake ya kula. Daraja la kwanza una chumba, unaweza kukaa mezani mgahawani ukaletewa wali au ugali na kuku, nyama au samaki, halafu jioni unapanda baa kuangalia jua linazama upande wa Kongo na bia mkononi. Watalii wengi waliipanda kwa ajili ya hiyo bia na hilo jua. Daraja la pili una kitanda, lakini unahesabu hela kabla ya kuagiza. Daraja la tatu ni chini, kwenye mabenchi na sakafuni, katikati ya magunia. Huko mgahawa upo wa kusikia harufu tu.

Na huko chini ndiko watu wetu walikokuwa. Mfanyabiashara wa Kasulu anayeteremsha maharage, anayerudi na dagaa, hawezi kula mgahawani. Si ubahili. Fanya hesabu mwenyewe: sahani mbili kwa siku, siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, ongeza chai na soda. Ukifika nyumbani faida ya gunia zima imekaa tumboni. Ndiyo maana utaona mtu ana mzigo wa maana, lakini anafungua kitambaa anatoa viazi vitamu vilivyochemshwa jana.

Lakini chini huko kulikuwa na kitu ambacho juu hakikuwepo. Aliyefungua kitambaa hakula peke yake. Huyu ana muhogo, yule ana karanga, mama wa Uvinza ana chumvi, kijana wa Kirando ana samaki wa kubanika. Kufika usiku imeshakuwa meza moja. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi, na kwenye daraja la tatu maana yake ilikuwa wazi: kila mtu anakaribishwa, ila njoo na chochote. Hata muhogo mmoja unatosha kukufungulia mlango.

Mitumbwi ya usiku

Sasa hapa ndipo ziwa letu linapoipita Karibi.

Ukiacha bandari chache zenye gati, vituo vingi vya Liemba havikuwa na pa kutia nanga kwa maana ya kizungu. Meli ilisimama mbali na ufuko, ikapiga honi, na kutoka gizani zikaja taa. Mitumbwi na maboti ya mbao yanakimbizana kuwahi ubavu wa meli. Ndani yake kuna abiria wanaopanda, mabibi wanaoshuka, watoto wanaopitishwa mkono kwa mkono, magunia ya dagaa, mananasi na mahindi. Kelele kama mnada. Na katikati ya vurugu hiyo, akina mama na vijana wanauza chakula.

Samaki wa kubanika: migebuka, kuhe. Ndizi. Mihogo ya kuchemsha. Maandazi. Miwa. Mananasi. Unainama kwenye ukingo wa meli, unashusha hela, unapandishiwa chakula. Una dakika chache, usipokuwa na chenji umekosa, maana mtumbwi hausubiri.

Mkumbuke yule wa mtumbwi wa 1858 aliyekuwa analala ufukweni kila jioni na kununua kwa wenyeji. Meli ilipokuja haikuua desturi ile, iligeuza mwelekeo tu: zamani msafiri alikwenda ufukweni, sasa ufuko ukawa unamfuata msafiri majini. Ziwa lenye urefu wa kilomita karibu 670, vijiji vingi visivyo na barabara, na meli moja inayopita mara mbili kwa wiki mbili, moja kwenda na moja kurudi. Kwa mama wa kijiji kama hicho, usiku wa meli ndio ulikuwa siku ya soko. Hela ya daftari la mtoto ilitoka pale, kwenye dakika zile chache, kwenye mawimbi.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mgahawa wa meli ndio ulikuwa unalisha safari, mkatalie kwa upole. Mgahawa ulilisha wachache waliokaa juu. Wengi walilishwa na kikapu cha nyumbani na mtumbwi wa usiku.

Kuna pia upande wa pili wa jambo hili. Liemba ilipoacha safari zake mwaka 2018 kwa ajili ya matengenezo makubwa, gazeti liliandika habari za injini na bajeti. Sawa, ni habari. Lakini yule mama wa migebuka naye alifungiwa soko lake siku ileile, na hakuna aliyemwandikia tangazo.

Mei 2015

Siwezi kuandika historia ya kula kwenye meli hii nikaruka mwaka 2015, hasa mimi na wewe tulio Kasulu.

Hali ya Burundi ilipochafuka, watu walimiminika Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya milima na maji. Watu kwa makumi ya maelfu, kwenye ufuko wa kijiji kidogo. Maji ya kunywa ni ya ziwani, vyoo hakuna, kipindupindu kikalipuka. Njia ya kutoka kwa urahisi ilikuwa ziwa. Liemba, ile meli ya askari wa mwaka 1915, ikaletwa. Ikawa inachukua kama watu 600 kwa safari mpaka Kigoma. Kutoka hapo walipelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi yakapanda mlima kuja kwetu, Nyarugusu.

Kwenye safari hiyo hakukuwa na kikapu. Mtu aliyetoroka usiku hafungi karanga. Wengine walipanda na sufuria tupu, maana sufuria ndiyo kitu cha mwisho mama anachokiacha. Walichokula ni walichopewa na mashirika, biskuti za kutia nguvu na chakula cha moto walipofika. Posho tena. Na safari hii posho iliokoa maisha, hilo halina mjadala.

Ila wanaokumbuka siku zile Kigoma watakuambia pia habari za ndizi na mikate iliyotolewa na watu wa kawaida, bila fulana ya shirika lolote. Lugha ni karibu moja, Kiha na Kirundi vinasikilizana, na njaa haina pasipoti. Ndivyo alivyolishwa yule mzee wa Kiskoti pale pale jirani, Ujiji, mwaka 1871. Majirani walileta sinia bila kuuliza atalipa lini.

Sasa tufungashe

Haya, tumefika kwenye kikapu. Iwe unapanda meli, boti la mbao lenye injini au treni ya kati, kanuni ni zilezile. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini samaki wa mafuta anaoza, kwa hiyo sikiliza.

Siku ya kwanza kula vinavyoharibika. Samaki wa kubanika, mayai ya kuchemsha, mihogo ya kuchemsha, sombe. Wali usiubebe kabisa kwa safari ya kulala njiani. Uliopikwa asubuhi ukifungwa na joto lake, kesho yake ni ugonjwa. Ugali wa muhogo unavumilia zaidi, ila nao uumalize siku hiyohiyo au asubuhi yake.

Siku ya pili kula vikavu. Chapati zilizokaushwa vizuri, maandazi magumu, mahindi ya kukaanga, karanga, dagaa wakavu waliokaangwa bila mchuzi. Ndizi beba ambazo hazijaiva sawasawa, zitaivia njiani. Kichupa cha asali ya Kibondo ni mali: unaweka kwenye chai, kwenye mkate, na koo likikauka kwa upepo unalamba.

Tangawizi usisahau. Ziwa Tanganyika linaonekana limetulia, lakini upepo wa kusini ukija, miezi ya kiangazi, utajua kwa nini watu wanatafuna kipande kibichi taratibu. Na ukijijua unatapika melini, kula kidogokidogo. Tumbo tupu linatapika vibaya kuliko tumbo lenye muhogo.

Maji beba ya kwako, ya kuchemsha, zaidi ya unavyodhani. Usichote ziwani kwa kuwa yanaonekana safi. Yanang'aa, ndiyo. Kagunga nako yalikuwa yanang'aa.

Sahani, kijiko na kikombe chako. Hivi vitatu ni ziada ya bei ndogo kuliko zote na faida kubwa kuliko zote. Ukiwa na kikombe unanunua chai tu, na kantini mara nyingi wanakubali kukuuzia maji ya moto. Ongeza chumvi kidogo kwenye karatasi. Itakufanyia marafiki kama ilivyowafanyia waliotoka Uvinza na mzigo begani.

Shuka au kitenge na mkeka. Sakafu ya chuma saa tisa usiku haina huruma. Tochi ni ya lazima, na pawa benki kama unayo, maana soketi moja huwa na wenyewe kumi.

Chenji. Noti ndogo na sarafu, ziweke mfuko wa nje, tofauti na hela kubwa. Chakula cha mitumbwi kinanunuliwa kwa kasi. Uliza bei kwanza, shusha hela iliyo kamili, pokea. Samaki mnuse kabla hajakufikia mdomoni. Na usibane bei mpaka mtu atokwe jasho. Yule mama amepiga kasia gizani akiwa na sufuria ya moto katikati ya miguu yake. Ukimwongezea kidogo, hiyo nayo ni sehemu ya nauli.

Bia na soda: kama unayo hela, kunywa, jua la Kongo linastahili. Ila lipa palepale. Mambo ya kuandikiwa daftarini mpaka mwisho wa safari ndiyo yanayowaliza hata wale wa Karibi.

La mwisho: funga cha kugawa. Ukihesabu kikapu chako hesabu na mtu mmoja usiyemjua bado. Inaweza kuwa mwanafunzi aliyeishiwa, mama mwenye mapacha, au mtu aliyepanda bila kitu kwa sababu ambazo hatakuambia.

Nyumbani Kasulu bado kuna mabibi ambao hawakuruhusu utoke mlangoni na mfuko wa nguo peke yake. Utamwambia basi linasimama kula, utamwambia siku hizi kuna hoteli njiani, hasikii. Anaingia jikoni, anatoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa, cha moto, kizito, kinanukia. Kipokee. Wewe cha kwako kilikuwa nini?